Maswali ya Wasomaji: Kuandika wasifu wa mama aliyekuwa nesi

Barua nyingi zilizotufikia safari hii kutoka Nyanda za Juu Kusini zina jambo moja: nesi amefariki, familia imeshika kalamu, na mazishi ni keshokutwa. Wanawake walioingia uuguzi miaka ya 1960 na 1970, katika hospitali za misheni na za serikali, wengi wao sasa wako kwenye miaka ya sabini na themanini. Tunajibu kwa kirefu pale palipo na kazi kubwa, na kwa kifupi pale pasipo na utata. Majina ya walioandika tumeyaacha.

Shikamooni wahariri. Mama yetu alikuwa nesi mkunga kwa miaka 34, na mzee wa kanisa la Moravian. Wasifu tuliouandika una kurasa sita. Mchungaji ametupa dakika kumi, na kila ndugu hataki sehemu yake ikatwe. Tufanyeje? (Msomaji, Tukuyu)

Marahaba, na poleni sana. Anzeni na hesabu, maana hesabu haina upande katika mabishano ya ndugu. Mtu akisoma kwa utulivu kwenye kipaza sauti hutamka maneno 100 hadi 110 kwa dakika. Dakika kumi ni kama maneno 1,000, lakini msomaji atasimama mara mbili tatu kumeza machozi. Andikeni maneno 750, yasizidi 800. Kwa herufi za ukubwa wa 16 na nafasi ya mstari mmoja na nusu, hizo ni kurasa tatu za A4. Chapeni upande mmoja, wekeni namba za kurasa, kisha kila ukurasa uingie kwenye mfuko wake wa nailoni. Manyunyu ya Tukuyu hayana saa maalumu, na wino wa printa ukilowa hausomeki tena.

Kurasa zenu sita, bila shaka, zimejaa majina ya ndugu na historia ya ugonjwa. Majina ya watoto yasomwe. Wajukuu na vitukuu watajwe kwa idadi, na majina yao yachapwe kwenye ratiba ya ibada ambayo watu watakwenda nayo nyumbani. Ugonjwa upewe sentensi mbili: ulianza lini, na alifariki wapi, siku gani. Vipimo, rufaa na dawa zilizogoma, familia inavijua. Inasikitisha wiki chache alizolala yeye kitandani zikisomwa kwa kirefu kuliko miaka 34 aliyosimama kando ya vitanda vya wengine.

Nafasi mtakayoiokoa ipelekeni kazini kwake. Wasifu mwingi wa manesi hupwaya hapo. Unasikia: "Marehemu alikuwa mchapakazi, mwenye upendo, aliyehudumia watu bila ubaguzi." Sentensi hiyo inamtosha mwalimu, karani na dereva wa lori vilevile. Mtafuteni mtu aliyewahi kufanya naye zamu, mketi naye nusu saa, mumuulize mambo yanayoonekana kwa macho. Zamu ya usiku mlikuwa wangapi? Taa ilikuwa karabai au kandili? Sindano za kioo mlizichemshia kwenye jiko gani? Maji yalichotwa wapi? Akina mama waliletwa kwa machela au walitembea? Mzazi akianza kukata tamaa, yeye alikuwa akimwambia nini? Mrekodi kwa simu, maana mkono hauwezi kukimbizana na mzee aliyeanza kukumbuka.

Katika yote atakayowaambia, chagueni jambo moja mlieleze hadi mwisho. Chukueni fetoskopu, ile pembe fupi ya mbao au aluminiamu ambayo mkunga husikilizia moyo wa mtoto aliye tumboni. Mdomo mpana hukaa juu ya tumbo, mwembamba sikioni. Akishapapata mahali penyewe huachia mkono, pembe ikabaki imebanwa na sikio tu, kwa sababu vidole vikiishika huleta mlio wake. Mkono ulioachwa huru hushika mshipa wa mama kwenye kifundo, asije akahesabu moyo wa mama akadhani ni wa mtoto. Macho yako kwenye saa iliyobanwa kifuani, dakika nzima. Moyo wa mtoto asiye na tabu hupiga kati ya mara 110 na 160. Nusu saa ikipita, anarudia. Sasa tazameni wasifu unavyoweza kusema:

"Zamu ya usiku katika wodi ya wazazi ilikuwa ya nesi mmoja na mhudumu mmoja, na karabai moja. Kila nusu saa mama aliinama kando ya kitanda, akaweka sikio kwenye fetoskopu, akahesabu moyo wa mtoto dakika nzima, akaandika, akahamia kitanda cha pili. Aliyefanya naye kazi anasema uchovu wake ulionekana asubuhi tu, akishakabidhi zamu."

Huo ni mfano wa umbo. Ndani yake wekeni mlichoambiwa ninyi, na msitie chumvi hata kidogo: watu aliowazalisha watakuwa wamekaa palepale kwenye viti vya kukodi, wakisikiliza.

Kwa kuwa mama alikuwa Mmoravian, kuna jambo la kufanya kabla hamjagusa kurasa hizo sita. Fungueni Biblia yake, kitabu chake cha nyimbo na bahasha ya vyeti, mkikung'uta karatasi moja moja. Kanisa hilo, tangu Herrnhut kule Ujerumani katika karne ya 18, lina desturi ya muumini kuandika mwenyewe safari ya maisha yake ili isomwe siku ya mazishi, na wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891. Huenda aliacha hata ukurasa mmoja kwenye daftari la shule. Mkiupata, usomeni kama ulivyo, ninyi mjazie tarehe zinazokosekana tu. Hakuna atakayebishana na mwandiko wa mama.

Cheti cha ubatizo kinasema mama alizaliwa 1948. Kitambulisho cha taifa kinasema 1.7.1950. Tena barua zake za kazi zinasema mkoa wa Iringa, na hospitali iko Njombe. Tusome lipi? (Msomaji, Makambako)

Kama alibatizwa mchanga, someni la ubatizo, kwa sababu liliandikwa karibu na siku yenyewe. Usiishie kwenye cheti, ambacho mara nyingi ni nakala iliyotolewa miaka mingi baadaye. Omba ofisi ya parokia au usharika ikufungulie kitabu chenyewe cha ubatizo. Kama alibatizwa akiwa mkubwa, basi hata aliyeandika kitabu alikisia. Tarehe ya 1 Julai kwenye nyaraka za serikali mara nyingi ni alama kwamba mwaka ulitajwa na siku haikujulikana, kwa hiyo msiisome kama siku yake ya kuzaliwa. Pigeni hesabu ya shule: mwaka alioanza darasa la kwanza, mwaka alioingia chuo cha uuguzi, umri wake siku ya Uhuru 1961. Mambo mawili yakikubaliana, someni mwaka peke yake. "Alizaliwa mwaka 1948" inatosha kabisa.

Mkoa haujakosewa. Njombe ilikuwa ndani ya mkoa wa Iringa hadi 2012, kama Songwe ilivyokuwa ndani ya Mbeya hadi 2016. Andikeni, kwa mfano: "alifanya kazi Ilembula, wakati huo mkoa wa Iringa". Mkikuta barua za mifuko ya pensheni ya PSPF au LAPF msishtuke pia. Mifuko hiyo na mingine miwili iliunganishwa mwaka 2018 ikawa PSSSF. Barua hizo zitunzeni, maana hapo ndipo tarehe ya kuanza na kuacha kazi huonekana vizuri kuliko kwenye kumbukumbu ya mtu yeyote.

Msilegeze kamba kwenye jina. Wengi walisajiliwa chuoni kwa jina la baba, wakaajiriwa kwa jina hilo, kisha kitambulisho kikatoka na jina la mume. Cheti cha kifo cha RITA kikitofautiana na nyaraka za ajira na za benki, mirathi itasimama hadi mpate kiapo cha kuthibitisha kuwa majina yote ni ya mtu mmoja. Linganisheni majina kabla hamjajaza fomu ya cheti cha kifo, herufi kwa herufi: Ana na Anna ni watu wawili mbele ya karani.

Tuandike nesi, muuguzi, sista au matroni? Kijijini kwetu walimwita daktari. (Msomaji, Kilolo)

Kwenye kusimulia, andika nesi. Ndivyo watu walivyomwita, na ni neno la heshima. Kwenye mstari wa cheo, andika kilichomo kwenye barua yake ya mwisho ya kupandishwa daraja. Siku hizi mwenye cheti ni Muuguzi, mwenye stashahada ni Afisa Muuguzi Msaidizi, mwenye shahada ni Afisa Muuguzi. Vyeo vya zamani viacheni kama vilivyoandikwa, msivigeuze vya leo. Aliyekuwa mhudumu wa afya aliyejifunzia kazini asipandishwe kuwa muuguzi siku ya mazishi, maana wenzake wapo na watajua. Kazi yake halisi ikielezwa vizuri, haihitaji cheo cha kuazima.

Sista ni neno la kuangalia. Penye historia ya watawa waliofanya uuguzi, kama Tosamaganga au Peramiho, msikilizaji wa mbali atadhani marehemu alikuwa mtawa, halafu mnasoma watoto watano. Matroni ni wadhifa, uandikwe na miaka aliyoushika. Na hilo la daktari, msiliandike kama cheo, kwa sababu muuguzi husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari. Andikeni: "wanakijiji walimwita daktari". Hiyo ni kweli tupu, na inasema mengi juu ya zahanati ambayo yeye ndiye aliyekuwepo.

Mama alihudumia wagonjwa wa UKIMWI miaka ile watu walipokuwa wakiwaogopa. Tunataka kumtaja jirani mmoja aliyepata nafuu mikononi mwake. Inafaa? (Msomaji, Mbeya)

Jirani msimtaje, hata kwa mafumbo. Siri ya mgonjwa haikwishi nesi anapokufa, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu. Familia nyingi hukosea zikidhani kuficha jina kunatosha. "Mama mmoja wa mtaa wa pili mwenye mapacha" ni jina kamili kwa waombolezaji wote. Elezeni matendo ya nesi, mgonjwa abaki nje ya sentensi: siku gani za wiki alitembelea wagonjwa majumbani, alibeba nini kwenye kikapu, kwamba aliwageuza, akawaosha na kuwabadilishia shuka wakati ndugu zao walisimama mlangoni. Hayo yanaonyesha ujasiri wake wote, na hayamvui mtu nguo.

Mgonjwa mwenyewe akitaka kusimama kushuhudia, ni haki yake. Mtu mmoja wa familia amuulize faraghani, siku moja kabla, na akikataa asiulizwe tena. Mpeni dakika mbili bila kumwandikia maneno. Picha za wodini nazo zipitieni moja moja: yoyote yenye uso wa mgonjwa isiingie kwenye skrini ya kanisani wala kwenye kundi la WhatsApp la msiba. Na ugonjwa uliomwondoa mama mwenyewe unalindwa na heshima hiyohiyo. Kama alipenda usitangazwe, semeni "baada ya kuugua", mwendelee.

Mama alikuwa mcha Mungu kweli, lakini tukiandika imani yake inageuka kuwa mahubiri. Tena alibatizwa Mlutheri, akafunga ndoa Katoliki. (Msomaji, Makete)

Mahubiri mwachieni mwenye zamu ya kuhubiri. Kazi ya wasifu ni kumbukumbu: ubatizo, kipaimara, ndoa, usharika au parokia, kwaya au kikundi, na miaka yake. Kuhusu madhehebu mawili, semeni yote mawili kwa sentensi moja, kwa mpangilio wa miaka, bila kueleza kwa nini. Mpelekeeni padri nakala siku moja kabla, asilisikie kwa mara ya kwanza akiwa mbele ya jeneza.

Kisha tafuteni imani hiyo ilipita wapi kazini. Hospitali za kanisa huanza siku kwa ibada fupi kabla ya ripoti ya zamu. Je, aliongoza wimbo, au alikuwa akifika mapema kuwasha jiko? Jumapili alipokuwa zamu alisali saa ngapi, na wapi? Na muulizeni mwenzake swali hili, ambalo familia nyingi hazifikirii: alikuwaje mgonjwa alipokata roho? Nesi ndiye humfumba macho marehemu, akamfunga kidevu kwa bandeji, akanyoosha mikono na miguu, akamfuta mwili. Kazi hiyo haingoji, kwa sababu baada ya saa mbili tatu mwili huanza kukakamaa. Wapo wanaoifanya kwa haraka kama wanatandika kitanda. Wapo wanaomwita marehemu kwa jina wakimgeuza, wakaomba kwa sauti ya chini, wakabaki naye mpaka ndugu wafike kutoka kijijini. Kama mama alikuwa wa hawa, liandikeni hilo, na aya nzima ya "alimpenda Mungu kwa moyo wote" mtaona wenyewe kwamba haihitajiki.

Mstari wa Biblia uwe mmoja, ule alioupigia mstari yeye, hata kama haujulikani sana. Na kama kulikuwa na kipindi alichokaa mbali na kanisa, pengine baada ya kufiwa na mume, msiandike "hakuyumba hata siku moja". Wazee wa usharika wanakumbuka. Semeni alirudi mwaka gani.

Sisi ni Waislamu. Mama alizikwa siku ileile, hapakuwa na nafasi ya wasifu. (Msomaji, Iringa mjini)

Hamjachelewa. Panapokuwa na kisomo au hitma ya familia, ombeni dakika tano kabla ya dua ya mwisho, baada ya kuongea na imamu. Maneno 400 yanatosha. Kama mnataka kutoa sadaka kwa ajili yake, muulizeni muuguzi mfawidhi wa zahanati yake ya mwisho kinachokosekana. Mara nyingi ni mablanketi ya wodi ya wazazi au bomba la maji, vitu ambavyo yeye mwenyewe alivililia miaka yote.

Kabatini tumekuta sare zake, dawa, sindano na daftari la wazazi. Tuvichome? (Msomaji, Vwawa)

Msichome, na msitupe chooni. Sindano zitieni kwenye dumu gumu la plastiki lenye kifuniko, zisizidi robo tatu ya dumu, mlipeleke kwenye kituo cha afya. Shimoni zitamchoma mtoto anayechimbua chupa. Dawa zipelekeni hukohuko, hata ambazo hazijaisha muda, na msimgawie jirani. Daftari la wazazi ni mali ya kituo na ni siri za watu: lifungeni bila kulisoma, mlikabidhi kwa mfawidhi, mpate karatasi ya mapokezi iliyosainiwa.

Sare fueni, mbandue beji na nembo, kisha mgawane. Sare yenye nembo ikiuzwa mtumbani inaweza kumvika mtu asiye muuguzi. Vyeti na leseni halisi visitoke nyumbani hadi mirathi imalizike. Saa ya kifuani na fetoskopu, kama ni zake, wekeni kwenye meza ya kumbukumbu pembeni ya picha, watu wavione kwa karibu.

Tunataka kujengea kaburi na kufanya kumbukumbu ya mwaka mmoja, na manesi wenzake wawashe mishumaa. (Msomaji, Rungwe)

Udongo wa kwenu unapata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na kaburi jipya hutitia. Subirini msimu mzima wa mvua upite, mjaze udongo palipozama, ndipo mmwage zege mwezi wa Julai au Agosti. Mkiwahi, bamba litapasuka katikati. Ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, unene wa sentimita 10, nondo chini, na maji asubuhi na jioni kwa siku saba.

Manesi waombeni mapema kupitia kwa muuguzi mfawidhi, wiki mbili kabla, kwa sababu ratiba ya zamu lazima ipangwe upya na wodi haiwezi kubaki tupu. Kama kumbukumbu inaangukia karibu na 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, msiiweke tarehe hiyohiyo. Siku hiyo wana maandamano na kiapo chao. Mishumaa makaburini huzimwa na upepo: kateni chupa za maji za plastiki kimo cha shubiri moja, mshumaa usimame ndani juu ya mchanga.

Fundi wa marumaru huchonga kama karatasi ilivyoandikwa, na herufi iliyokwisha kuchongwa haifutiki. Mtu mmoja aandike kwa herufi kubwa, ndugu wawili wasome na kusaini, na chini ya jina lake, juu ya miaka, kazi yake iwe na mstari wake peke yake: MUUGUZI MKUNGA.